DNA Iliyogoma Kuungua
Mkuu wetu wa maabara aliogopa vumbi kuliko mionzi. Siku aliyonituma niichome DNA kwa taa ya miale ya urujuanimno, alisisitiza kwamba matone yafunikwe kwa kifuniko cha plastiki, na kwa kuwa kishikio cha taa kilikuwa kimevunjika, nikaamriwa kuishika kwa mkono juu ya sinia la barafu mpaka yeye aseme basi. Hakuwa na haraka ya kusema.

Tulitaka kurudia kipimo ambacho Gilbert Chu na Elaine Chang walikitumia, katika utafiti wao wa mwaka 1988, kuonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa xeroderma pigmentosum, ambao ngozi yao haistahimili jua, hukosa protini inayotambua DNA iliyoharibika. Kipande cha DNA kilichotiwa fosforasi-32, yenye mionzi, huchanganywa na protini zilizokamuliwa kutoka viini vya seli, kisha hupitishwa kwa umeme ndani ya jeli. Kilicho peke yake hukimbilia chini. Kilichong'ang'aniwa na protini huchelewa, nacho huacha kwenye filamu ya eksirei mstari mweusi ulio juu zaidi, ambao sisi huuita bendi.

Filamu ilikaa na jeli kwenye friza usiku kucha. Asubuhi tulipoisafisha, njia ya DNA iliyochomwa na ya ile isiyochomwa zilifanana kama kurwa na doto, na bendi ya juu haikuwepo. Mkuu alizilaumu protini, akailaumu barafu, hata shirika la umeme halikusalimika.

Fundi wetu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliweka kipimamwanga chini ya kile kifuniko, akawasha taa. Kikasoma sufuri. Plastiki ile jicho hulipitisha vizuri, lakini miale ya taa yetu, ya nanomita 254, huizuia kabisa.

"Mwanangu, hebu nionyeshe huo mkono."

Nilikuwa nimevaa miwani ya kinga, koti na glavu, lakini baina ya glavu na mkono wa koti palibaki upenyo mwembamba, na hapo ngozi ilikuwa imeiva. Bila shaka protini tuliyoisaka ilikuwa imekesha kazini, ila chini ya ngozi yangu.

"Bendi hii hapa," akasema fundi, "tena imenyooka."

Mkuu akaenda kuleta rula na kamera.