Kuku na nyuki wa mjini wasiwekwe kapu moja

Halmashauri za miji Tanzania zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, nazo huyapata kutoka Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982. Wananchi wanatakiwa kutangaziwa ili watoe maoni, waziri mwenye dhamana aidhinishe, kisha sheria itoke kwenye Gazeti la Serikali. Mitaani kwetu Dar es Salaam hali ni nyingine. Mfugaji wa kuku kumi na watano huijua sheria ndogo ya kufuga mjini siku bwana afya anapobisha hodi, na mara nyingi hodi hiyo imetokana na ugomvi wa majirani kuhusu jambo jingine kabisa.

Sidai sheria ifutwe. Nataka iandikwe upya na watu wanaojua kuku ni nini na nyuki ni nini, maana viumbe hawa wawili hawahitaji kanuni zinazofanana.

Tuanze na kuku. Ukomo wa idadi ndio unaotajwa sana, na kwangu mimi ndio wenye faida ndogo. Kuku kumi wenye chombo cha maji kinachovuja watanuka kuliko hamsini waliolala juu ya maranda makavu, kwa sababu ile harufu kali inayowasha macho ni amonia, na amonia huzidi pale kinyesi kinapolowa. Basi sheria ikague maranda, ikague umbali wa banda na dirisha la jirani, iulize kinyesi kinapelekwa wapi. Mwenye wachache walio wachafu aambiwe asafishe. Mwenye wengi walio safi aachwe atafute riziki.

Kikubwa zaidi ni chanjo. Kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo, kikiingia mtaani kinaweza kumaliza mabanda yote ndani ya siku chache. Kinga yake ipo na ni nafuu: chanjo ya I-2, tone moja kwenye jicho la kila kuku, kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Tatizo ni kwamba chupa moja ina dozi za kuku wengi, na ikishafunguliwa haikai. Mama mwenye kuku wanane hawezi kununua chupa nzima kila msimu, labda achangishane na wenzake. Lakini watachangishana vipi ikiwa kila mmoja anaficha banda lake nyuma ya mabati? Marufuku haiondoi kuku mjini. Inawaondoa machoni pa mtaalamu wa mifugo tu, na ugonjwa unapata njia. Laiti sheria ingesema kila mfugaji ajiandikishe bure serikali ya mtaa, na mtaa upange siku ya chanjo, tungeokoa mifugo mingi kuliko faini zote zilizowahi kutozwa.

Jogoo naye ana kesi yake. New York inaruhusu mitetea na kukataza majogoo. Kwa anayefuga kuku wa mayai hilo halina shida, mtetea hutaga bila jogoo. Sisi wa kuku wa kienyeji tunaishi kwa kuangulisha, na bila jogoo hakuna kifaranga. Tusiinakili kanuni hiyo.

Kwenye nyuki ndipo ninapotofautiana na wafugaji wenzangu wengi. Wanataja tena New York, ambayo mwaka 2010 iliondoa marufuku ya nyuki wa asali na kutaka mizinga isajiliwe. Ni kweli, ila nyuki wanaofugwa kule wana asili ya Ulaya, wapole kwa kiasi. Wa kwetu, wa bara na wa pwani, ni wepesi wa kujihami. Mmoja akiuma huacha harufu inayofanana na ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake. Mbuzi aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia, wala mtoto aliyelala kibarazani. Wafugaji wa Tabora hutundika mizinga yao porini, kwenye miombo, mbali na makazi, na wana sababu. Manzese au Tandale, ambako ukuta wa nyumba hii unagusa wa nyumba ile, mzinga wa nyuki wanaouma usiruhusiwe, hata mwenyewe awe fundi kiasi gani.

Nyuki wadogo wasiouma ni habari nyingine. Hukaa kwenye kisanduku kidogo chini ya upenu, hutoa asali kidogo ambayo bei yake ni nzuri, na hutembelea maua ya mboga za uani bila kumsumbua mtu. Sheria iwataje kwa jina na iwaruhusu. Vilevile iseme nani aitwe pale kundi la nyuki linapohamia darini, kwa sababu sasa watu huwamwagia petroli na kuwasha moto, ndani ya nyumba wanamolala.

Jirani zetu wameshaanza. Kampala ilipitisha sheria ndogo za kilimo na mifugo ya mjini mwaka 2006, na Kaunti ya Nairobi ikatunga yake ya kilimo cha mjini mwaka 2015. Madiwani wetu wanaweza kuanza na jambo lisilogharimu kitu: kubandika sheria iliyopo kwenye ubao wa kila ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili, na kuitisha mkutano ambao wafugaji na majirani zao wataijadili pamoja.