Mnunuzi Ndani ya Buti

Kazi yangu ni kukagua vitabu vya hesabu vya vyama vya akiba na mikopo, na kwa miaka kumi na minane ambayo nimeifanya hapa Nakuru sijakubali neno la mtu yeyote lisilokuwa na risiti. Nayasema haya mapema ili msomaji aelewe ilikuwaje mtu mzima, mwenye watoto watatu na nafasi yake ya kudumu katika kiti cha pili kanisani, akajikuta amejikunja ndani ya buti la Toyota Vitz kando ya barabara ya kwenda Kabarak, huku askari wa trafiki akimwuliza jina lake la kwanza, la pili na la ukoo.

Gari lenyewe lilikuwa la mwaka 2008, la rangi ya fedha, lenye enjini ya cc 996 ambayo kila mtu huiita elfu moja. Mwenyewe alikuwa muuguzi mstaafu anayeishi Kiamunyi, na alitaka shilingi 520,000. Mke wangu, ambaye alikuwa amechoka kunyeshewa akingojea matatu ya Lanet, aliniambia niende nikaone gari, nilipe, nirudi nalo. Nilimjibu kwamba gari halionwi, gari hukaguliwa.

Basi nikajiandaa. Nilipiga mistari katika daftari jipya nikapata safu tatu: kilichokaguliwa, hali yake, na kiasi cha kupunguza katika bei. Nilichukua tochi, kitambaa cheupe cha kupangusia ndani ya egzosi, na sumaku yenye umbo la nanasi niliyoibandua kwenye mlango wa friji. Usiku wa Ijumaa nilimpigia simu Mama mwenye gari nikamsihi asiwashe gari kabla hatujafika, kwa sababu enjini iliyokwisha kupata moto huficha dhambi zake.

"Mwanangu," akanijibu, "gari hilo huenda kanisani na sokoni. Jumamosi asubuhi halina pa kwenda."

Tulifika saa moja na nusu, mimi na fundi wangu wa miaka mingi. Niliweka kiganja juu ya boneti nikaikuta baridi kama mtungi. Mama alipowasha, kabla hata enjini haijatulia, sauti ya mwanamke mpole ilisema maneno marefu ya Kijapani kutoka chini ya dashibodi, na Mama akamjibu, "Asante, mama." Fundi alitueleza kwamba ndani ya magari mengi ya Japani mna kijisanduku cha kulipia barabara kuu za huko, na kwamba mwanamke huyo alikuwa akilalamika tu kuwa kadi ya malipo haijaingizwa. Mama alinyamaza kidogo. Kwa miaka saba alikuwa akidhani anasalimiwa.

Nikaandika: "Enjini inatetemeka." Fundi akaniambia nifute, kwa kuwa enjini hiyo ina pistoni tatu tu na ni kawaida yake kutetemeka gari likiwa limesimama, kama mtu mwembamba asubuhi ya Julai. Nilikata mstari juu ya maneno hayo, nikatia sahihi pembeni. Mama akauliza kwa nini natia sahihi katika daftari langu mwenyewe. Nikamweleza, kwa urefu ambao sasa naujutia, kwamba maandishi yaliyokatwa bila sahihi ni mlango wa wizi, na kwamba mimi simruhusu mtu yeyote, awe mweka hazina au mwenyekiti, kubadilisha tarakimu bila kusaini mbele ya shahidi. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayehifadhi jambo kwa matumizi ya baadaye.

Ukaguzi uliendelea vizuri, na lazima nijisifu kidogo, maana baada ya hapa sitapata nafasi tena. Chini ya kifuniko cha oili hapakuwa na ule utando mweupe kama maziwa unaoonyesha kwamba maji yameingia kwenye oili. Sumaku ilishika kila mahali isipokuwa mlango wa nyuma wa kushoto, ambako iliteleza ikaanguka majanini, na Mama akakiri papo hapo kwamba mwaka 2019 alilikwaruza lango lake mwenyewe, akajaziwa fila, ule ujazo usioshikwa na sumaku, na kupigwa rangi. Nikaandika 10,000.

Kisha nikafungua mlango wa dereva na kuona, kwenye nguzo karibu na bawaba, kijikaratasi kilichofifia chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu mbili nilizoweza kusoma: 26.9.7 na 103,000. Mita kwenye dashibodi ilisema 74,000. Tarehe ilinishinda kabisa, kwa maana kwa hesabu yangu gari lilikuwa limebadilishwa oili mwaka 1926 au mwaka 2007, yaani kabla halijaundwa. Fundi ndiye aliyenifungua macho. Wajapani huhesabu pia miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989, hivyo mwaka wa 26 ni 2014, na gereji za huko hubandika vikaratasi hivyo kila zinapobadilisha oili. Mama alisema, na risiti anayo, kwamba alilinunua gari mwaka 2015 likiwa na kilomita 41,000. Basi mahali fulani kati ya gereji ile na yadi aliyolinunulia, kilomita 62,000 zilikuwa zimeyeyuka. Mama wa watu aliketi kwenye ngazi ya baraza akasema, "Kumbe walinidanganya," na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilitamani nisingekuwa na tochi.

Lakini nilikuwa nimeonja damu. Nikaenda nyuma, nikafungua buti, nikainua zulia na ubao wa chini, nikakuta tairi la akiba, lile jembamba la dharura, pamoja na jeki. Nilitaka kusoma tarakimu nne za mwisho zilizochorwa ubavuni mwa tairi, ambazo hutaja juma na mwaka lilipotengenezwa, nazo zilikuwa zimetazama chini. Nikafungua bolti inayovishikilia vitu hivyo, nikaitia mfukoni isipotee, nikaligeuza tairi: 3208, yaani juma la 32 la mwaka 2008. Halikuwa limewahi kugusa ardhi. Nilifurahi mno kuona ushahidi unaolingana na kitabu cha gari, nikarudisha tairi, jeki, ubao na zulia, nikaandika: "Tairi la akiba: lipo. Jeki: ipo."

Tukatoka kulijaribu barabarani. Hatujamaliza hata mita mia katika ile barabara ya changarawe, nyuma kushoto pakaanza kugonga: kok, kok-kok, kok.

"Nini hiyo?" nikauliza, kalamu tayari.

"Inaweza kuwa shokabu," fundi akasema, "na inaweza kuwa bushi. Na inaweza kuwa kitu kingine chochote."

Mimi nilisikia neno la kwanza tu. Nikaandika: "Shokabu ya nyuma, kushoto: 15,000."

"Gari langu halijawahi kulia hivyo tangu nilinunue," Mama akasema. Nikaandika: "Muuzaji anakana."

Fundi alitaka tulipandishe jeki tulitazame kwa chini, na hapo mambo yangekwisha kwa amani, kwa sababu angeifuata jeki kule ilikokuwa. Mimi nilikataa. Nilisema kwamba sauti hugunduliwa pale inapotokea, na kwamba njia ya uhakika ni mtu kulala kando yake gari likiwa linakwenda. Fundi ni mnene, Mama ni mzee, na mtu mwingine hapakuwapo. Nikajikunja ndani ya buti magoti yakigusa kidevu, nikaagiza rafu ya juu irudishwe mahali pake isije ikawa nayo ni mshukiwa, na tukakubaliana kwamba nikigonga mara moja nimesikia, na nikigonga mara mbili wasimame.

Humo ndani mlinuka viazi vya Molo. Mfukoni mwangu kitu kilikuwa kikinichoma paja, nami nikadhani ni lile nanasi la friji. Nilitega sikio. Gari lilipita mashimo yote niliyoyakumbuka na mengine mapya, lakini kok-kok haikusikika hata mara moja. Lilinyamaza kama mshukiwa aliyepata wakili. Nikapiga kelele waende mbele zaidi. Wakaenda. Changarawe ikaisha, lami ikaanza, Mama akawa anatafuta pa kugeuzia, kisha nikahisi gari linapunguza mwendo na kusimama.

Nilivyosimuliwa baadaye, askari aliinama dirishani, akaomba leseni ya Mama, akaitazama na kuirudisha kwa adabu, akauliza, "Mama, umebeba nini leo?"

"Sijabeba kitu, afande."

Hapo ndipo nilipopaza sauti kutoka chini ya rafu: "Mbona mmesimama? Endesheni, bado sijapata kitu!"

Fundi anasema hajawahi kusikia kimya kirefu namna ile katika barabara yenye magari mengi kama ile.

"Mama," askari akasema polepole, "kuna mtu ndani ya buti lako."

"Huyo si mtu, afande," Mama akajibu. "Ni mnunuzi."

Buti likafunguliwa, rafu ikainuka, na mwanga wa jua ukaniangukia nikiwa na daftari kifuani na tochi mkononi. Nilijaribu kutoka kwa heshima, lakini mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, nikatoka jinsi ndama anavyozaliwa. Matatu moja ilisimama ng'ambo bila kuombwa, na abiria wakajaa madirishani. Nilijieleza tangu mwanzo: sumaku, egzosi, Heisei, juma la 32. Kadiri nilivyoeleza ndivyo askari wa pili alivyozidi kusogea karibu.

"Toa vyote vilivyo mfukoni," akaniambia.

Nikatoa kitambaa chenye masizi. Kisha nikatoa nanasi, na limeng'ang'aniwa na bolti ya chuma yenye urefu wa kidole cha kati.

Askari wa kwanza alilichukua, akaibandua bolti, ikajirudisha kwenye sumaku, akaibandua tena. Akaligeukia buti, akainua zulia na ubao nilioulalia. Jeki ilikuwa imejilaza upande wa kushoto, huru kabisa, tayari kucheza na tairi la akiba kila penye shimo, isipokuwa pale inapokandamizwa na mkaguzi wa hesabu mwenye kilo 92.

"Nani alifungua hii?" akauliza.

Mama akanitazama. Fundi akanitazama. Kwa haki ya Mungu, hata kondakta wa ile matatu alinitazama.

Fundi alirudisha bolti mahali pake kwa muda usiozidi dakika moja. Askari alimpa Mama onyo kwamba abiria hukaa kwenye kiti na kufunga mkanda, na kwamba buti halina kimojawapo. Mimi hakunipa onyo, alinirudishia tu nanasi langu kwa mikono miwili. Tulirudi Kiamunyi kwa barabara ile ile ya changarawe, na gari halikusema lolote. Wala mimi sikusema.

Mezani, juu ya chai, Mama alikubali kupunguza 10,000 za mlango, akaongeza 20,000 kwa zile kilomita, ingawa mwizi hakuwa yeye, na tukafikia 490,000. Kitabu cha gari tulikwisha kukipekua. Wala mkopo wa benki haukuwapo. Nilipofunga daftari, aliliomba. Akavaa miwani, akateremsha kidole kwenye safu ya tatu hadi palipoandikwa shokabu, akachukua kalamu na kukata mstari mmoja ulionyooka juu ya zile 15,000.

"Tia sahihi, mwanangu," akasema. "Na fundi naye asaini, awe shahidi."

Nikatia. Fundi akatia chini yangu, akafikiri kidogo, kisha kando ya sahihi yake akaongeza, kwa mwandiko mzuri kuliko nilivyomdhania: "Bolti: ipo."