Meli ya Clotilda: iibuliwe au iachwe topeni?

Julai 1860, nahodha William Foster aliingiza mateka wapatao 110 kutoka Ouidah, Dahomey (Benin ya leo), hadi Mobile, Alabama. Marekani ilikwishapiga marufuku kuingiza watumwa tangu 1808, kwa hiyo baada ya kuwashusha usiku aliitia moto meli yake, Clotilda, ikazama mtoni. Mabaki yake yalitambuliwa rasmi 2019. Tangu hapo wazawa wa mateka wale, ambao wahenga wao walianzisha kitongoji cha Africatown, wamekuwa na kauli mbili: iibuliwe, au iachwe?

Wanaotaka iibuliwe wana hoja nzito. Moto ule uliwashwa ili kufuta ushahidi, na Timothy Meaher, tajiri aliyegharamia safari, hakupata kutiwa hatiani. Kuiacha Clotilda topeni ni kama kuwamalizia wahalifu kazi yao. Tena sehemu kubwa ya meli ingalipo, pamoja na ngama walimosongamana watu wale, yenye urefu wa mita 7 hivi.

Ila mbao hazina hali. Zimeungua, zimeliwa na bakteria. Meli ya kale ya kivita ya Sweden, Vasa, iliibuliwa 1961 ikiwa karibu nzima, ikanyunyiziwa dawa miaka 17, na hadi leo inauguzwa. Ndiyo maana ripoti ya wataalamu iliyotolewa Alabama 2024 ilishauri Clotilda ilindwe palepale ilipo.

Wapo wanaosema isiguswe kwa kuwa ni kaburi. Hoja hiyo inaifaa zaidi São José, meli ya watumwa iliyotoka Msumbiji ikavunjika karibu na Cape Town mwaka 1794, wakafa zaidi ya watu 200. Mwaka 2015 udongo wa Mossuril, Msumbiji, ulipelekwa ukamwagwa baharini pale. Clotilda ilichomwa baada ya watu kushushwa.

Mimi naegemea kuiacha, kwa sababu ya fedha. Mateka wa Clotilda walipoachwa huru 1865 walimwomba Meaher ardhi, akawanyima. Wakavuja jasho, wakainunua wenyewe. Leo kitongoji chao kimebanwa na viwanda, na wakazi wamelalamikia uchafuzi kwa miaka mingi. Mamilioni ya kuokoa mbao zinazooza yatengeneze kwanza nyumba na hewa yao. Ushahidi umeshapatikana: tangu 2023 Africatown ina makumbusho yenye vipande vya Clotilda vilivyohifadhiwa ndani ya matangi ya maji.

Hata hivyo, kuiacha kusigeuke kuitelekeza. Jimbo ligharamie kinga na ukaguzi wa mabaki, na wazawa wawe na kura katika kila uamuzi unaoihusu meli hiyo.