Mtu Muhimu Kuliko Hakimu

Ikitajwa mahakama maalumu ya ukatili wa majumbani, wengi hufikiria vifungo virefu. Mimi faida yake naiona kwingine: kwenye benchi la kusubiri.

Katika mahakama ya kawaida, aliyepigwa anaweza kukaa koridoni hatua chache tu kutoka kwa aliyempiga. Hahitaji kutishwa kwa maneno. Jicho moja latosha. Kesi inaahirishwa, na kila ikirudi anakuta sura mpya, anaanza kusimulia upya. Talaka iko kwa hakimu mwingine, malezi ya watoto kwa mwingine tena. Basi mahakama moja humkataza mume kusogelea nyumba, huku nyingine ikimpangia siku ya kuchukua watoto mlangoni pale pale!

Hispania walilifungua fundo hilo kwa sheria ya 2004: mahakama moja hushika mashtaka ya jinai pamoja na talaka na malezi. Ombi la ulinzi nalo hutakiwa kusikilizwa ndani ya saa 72. (Sheria hiyo inawahusu wanawake walioumizwa na waume au wapenzi wao, wanaume manusura hubaki kwenye mahakama za kawaida, jambo ambalo mimi sikubaliani nalo.) Brooklyn, New York, ilikoanzishwa mahakama ya namna hii mwaka 1996, mshtakiwa huitwa tena na tena mbele ya hakimu yule yule kueleza kama anatii masharti.

Lakini anayenivutia zaidi ni mtu asiyevaa joho. Uingereza na Wales wana washauri huru wa manusura, ambao si mawakili wala polisi. Mshauri humweleza manusura ataingilia mlango upi, kama ataruhusiwa kutoa ushahidi nyuma ya pazia, na usiku huo atalala wapi. Wapo manusura wanaoondoa malalamiko yao kwa sababu ya kodi ya nyumba tu, au kwa kumhofia mtoto. Hakimu asiyefundishwa huona mwongo. Mshauri huona mtu asiye na pa kwenda.

Kibao kipya mlangoni hakisaidii kitu ikiwa ndani bado mtu anaulizwa, "Mbona hukuondoka mapema?" Tena inashangaza kwamba mishahara ya washauri hao mara nyingi hutegemea ruzuku za muda mfupi. Wa hakimu hautegemei.