Hakuna Kama Mamba

Mimi naleta kanga. Zinachapwa Jetpur, huko Gujarat, India, zinapakiwa kwenye kontena tunalochangia wafanyabiashara kadhaa, zinapanda meli bandari ya Mundra na kushukia Dar es Salaam. Hapo tena ni mimi na wakala wangu wa forodha kukimbizana na makaratasi mpaka mzigo uingie Kariakoo. VAT ya asilimia 18 hiyo nimeshaizoea. Kinachouma ni kwamba kwenye vitabu vya Jumuiya ya Afrika Mashariki kanga imo katika orodha ya bidhaa nyeti, zile za ushuru mkubwa. Siku zote nilidhani unyeti wenyewe ni mambo ya kulinda viwanda vya nyumbani.

Mwaka huo nilitaka kuwahi Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei. Nikachagua michoro ya korosho nyekundu, mji, yaani uwanja wa katikati, mweupe, pindo jeusi. Jina, yale maneno ya kwenye kanga, halikunipa shida: HAKUNA KAMA MAMA. Nani atalikataa? Nikamwandikia mchapaji wangu, namwita bhai, kwa WhatsApp, usiku, nimelala ubavu, miwani imo mkobani na mkoba uko sebuleni.

Bhai Kiswahili chake kinaishia kwenye "bei gani" na "pesa lini". Herufi kwake ni mchoro kama korosho tu, anazinakili zilivyo. Ndiyo maana huuliza mara tatu kabla ya kutengeneza fremu za kuchapia. Mara zote tatu nilimjibu kwa kadole gumba.

Korija 40 zikafika katikati ya Aprili. Kanga 800, doti 400. Kijana wangu wa dukani akapasua robota la kwanza, akakunjua moja, akanyamaza.

"Mama, imeandikwa mamba."

"Mama, ndiyo. Hakuna kama mama."

"Hapana, mama. Mamba."

"Si ndiyo nasema? Mama."

"Mama," akasema taratibu, kama anaongea na mgonjwa, "yule wa mtoni."

Nikavaa miwani. HAKUNA KAMA MAMBA, herufi kubwa, safi, wino umekolea. Na ukishasoma vile, zile korosho mbili za katikati zinageuka macho yanakutazama.

Nikanyakua simu nimtandike bhai kwa sauti. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Nikapanda juu kwenye mazungumzo kutafuta ushahidi, nikaupata: ujumbe wangu mwenyewe, B imekaa katikati kama bwana harusi. Kumbe kwenye simu B na M ni majirani, wametenganishwa na N tu. Chini yake madole gumba matatu, wakati dole lenyewe ndilo lililokosea. Nikaishusha ile pumzi polepole.

Mume wangu, badala ya kunipa pole, akashauri nikauze Rufiji, huko wanawajua mamba kwa karibu. Siku mbili sikumpa chai.

Nikazitundika hivyo hivyo, Mtaa wa Uhuru, nikiwa nimepunguza elfu mbili kwa doti. Mteja wa kwanza alikuwa binti mmoja, mke mpya, hina haijamtoka mikononi. Akasoma. Akasoma tena. Akanisogelea sikioni.

"Hii ni makosa au makusudi?"

"Wewe unapenda iwe nini?"

"Kwangu makusudi. Akiuliza mama mkwe, ni makosa ya kiwandani."

Akachukua doti tatu, maana mawifi nao wapo.

Nimeuza kanga miaka mingi, sijaona jina lililokimbia vile. Jina la kanga kazi yake ni kusema bila kusema, na hili lilikuwa na mlango wa kutokea kabisa: zawadi nimekupa, rangi nzuri, kosa la kiwanda, unanigombeza kwa lipi? Akaja na mama mkwe mmoja mwenye kifua chake, akanunua ya kujifunga mwenyewe. "Nataka wajue," akasema, akalipa bila kuomba punguzo. Ndipo nikamwelewa yule aliyeandika "bidhaa nyeti".

Jumapili yenyewe ilipofika zilikuwa zimebaki doti tisa. Nikafunga duka mapema. Jioni mwanangu na mkewe wakaja kunisalimia, mkwe kashika kifurushi kimefungwa vizuri na utepe. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Nikafungua. Korosho zikanitazama.

"Nimeona wamekosea herufi moja, mama," akasema, macho chini, adabu tele. "Lakini rangi nikajua utaipenda."

Ningesema nini? Nilimshukuru. Mume wangu akatoka nje kwenda kukohoa.

Kesho yake nikambana kijana wa dukani. Akakiri alimuuzia yeye, tena siku ile ile tuliyozitundika. Na alimpunguzia elfu moja zaidi, kwa sababu ni familia.