Kiuno kinauma, mashine inauzwa

Niseme mapema: sina ugomvi na vimashine vya umeme vya kuchua misuli. Ugomvi wangu ni maneno yanayoambatana navyo. Hapa Kigoma muuzaji anakubandika vinato viwili, yaani vibandiko vya kupitisha umeme, kiunoni, anawasha, nyama za mgongo zinaanza kurukaruka, halafu anakwambia pingili zinarudi mahali pake. Pingili hazirudi popote, na kwa watu wengi wenye maumivu sugu ya kiuno hata hazikuhama.

Halafu zinauzwa mashine mbili tofauti kwa jina moja. Moja inatekenya neva za mguso ili zile zinazobeba maumivu zisisikike sana. Wazo hilo Ronald Melzack na Patrick Wall walilitoa mwaka 1965. Ni kama unavyosugua kiwiko ulichogonga mlangoni. Ya pili inakaza msuli wenyewe bila wewe kuuamuru, na hii ndiyo yenye hoja nzito zaidi. Maumivu yakishapita miezi mitatu, misuli midogo iliyoshikamana na uti wa mgongo mara nyingi hulegea na kusinyaa, kwa hiyo kuiamsha kwa umeme ni wazo lenye akili. Tatizo ni kwamba misuli hiyo iko ndani. Kinato cha juu ya ngozi kinashtua zaidi ile ya juu. Ndiyo maana Marekani mwaka 2020 waliidhinisha kifaa cha kupandikizwa mgongoni kwa upasuaji, na hicho hukipati kwa mmachinga.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno. Mashine ya kutekenya neva imo kwenye orodha ya vitu visivyopendekezwa kama tiba ya kawaida. Mkanda wa kiuno nao umo, na hapa najua wapagazi wa bandarini watanitukana. Miongoni mwa vilivyopendekezwa ni mazoezi na kumwelimisha mgonjwa. Havina taa wala kelele, ndiyo maana havina mchuuzi.

Hofu yangu kubwa ni yule anayejitia ganzi kwa mashine asubuhi ili saa nne abebe gunia. Maumivu yametulia, mzigo ni uleule. Ukitaka kuitumia, itumie ikupe nafuu ya kutembea na kufanya mazoezi uliyoonyeshwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Mwenye kifaa cha umeme cha moyo asiiguse kabisa. Mjamzito na mwenye kifafa wamuulize daktari kwanza. Na kiuno kinachoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda kinahitaji hospitali, maana kifua kikuu huweza kukaa kwenye uti wa mgongo. Ukianza kufa ganzi mapajani au ukashindwa kuudhibiti mkojo, nenda siku hiyohiyo.

Kuna na hili la vinato. Gundi yake inakufa upesi, na kwenye ngozi yenye jasho na vumbi inakufa upesi zaidi. Muulize muuzaji vipya unavipata wapi na kwa bei gani, kisha mwangalie usoni.

Lakini nenda Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, uwatazame akina mama wanaoanika dagaa mchangani. Wameinama kutoka kiunoni, miguu imenyooka, mkono mmoja unatandaza na mwingine umeshika goti. Wakimaliza kutandaza wanarudi kugeuza, bado wameinama. Chanja za kuanikia zimehimizwa miaka mingi kwa sababu ya mchanga: dagaa safi wana bei nzuri. Sijasikia mtu akizitetea kwa sababu ya mgongo, wakati chanja ya usawa wa kiuno inamwondolea mama sehemu kubwa ya kule kuinama. Kikundi cha akina mama kikiniuliza wachangie mashine ya umeme au miti na nyavu za chanja, nitawajibu kabla hawajamaliza swali: miti na nyavu.