Seva ya barua pepe ofisini bado ina hoja, tusiizike mapema

Siku hizi kampuni ikisema barua pepe zake ziko kwenye seva yake yenyewe, yaani kompyuta ya ofisini inayopokea na kutuma barua, watu wa IT wanaiona imebaki nyuma. Ushauri ni mmoja tu, hamia klaudi, yaani seva za kampuni nyingine unazozitumia kwa intaneti, lipia kila mfanyakazi kwa mwezi, usalama waachie wenye kazi yao.

Na ushauri huo una nguvu kweli. Machi 2, 2021 Microsoft walitoa pachi (marekebisho ya programu) za dharura za Exchange, programu yao ya seva za barua pepe, kuziba matundu manne ya usalama, na wadukuzi walishaanza kuyatumia tangu Januari. Makumi ya maelfu ya seva ziliingiliwa, hadi Mamlaka ya Benki ya Ulaya ikabidi izime mfumo wake wa barua pepe, wakati waliokuwa Exchange Online, ile ya klaudi, hawakuguswa. Tena pachi peke yake haikutosha maana wadukuzi walishaacha mlango wao ndani, Aprili FBI wakachukua kibali cha mahakama wakaingia kwenye mamia ya seva za Marekani kuufuta, yaani mwezi na zaidi umepita na wenye seva hawajausafisha. Kwa hiyo kama mtu wako wa IT ni mmoja, na huyohuyo ndo anatengeneza printa, nenda klaudi, hapo sina ubishi.

Ila lipo tukio la 2023 linalotajwa juujuu tu, na mimi naona ndo lenye somo kubwa zaidi. Kundi la wadukuzi wa China lilipata ufunguo wa Microsoft wa kusaini vibali vya kuingilia kwenye akaunti. Ufunguo wenyewe ulitengenezwa 2016 na ulitakiwa uwe umeshaondolewa kazini, halafu ulikuwa wa akaunti za watu binafsi lakini mfumo ukaukubali hadi kwenye akaunti za mashirika. Kwa hiyo hawakuhitaji paswedi ya mtu, wala ile namba ya kuthibitisha inayotumwa kwenye simu isingewazuia, walijisainia wenyewe wakaingia. Mashirika 22, watu zaidi ya 500, akiwemo aliyekuwa Waziri wa Biashara wa Marekani wakati huo Gina Raimondo na aliyekuwa balozi wao Beijing Nicholas Burns. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani peke yake ilichukuliwa barua kama 60,000.

Sasa aliyegundua ni nani? Sio Microsoft. Ni hiyo hiyo wizara, katikati ya Juni, karibu mwezi mzima baada ya wadukuzi kuanza, na iligundua kwa sababu ilikuwa inalipia kifurushi cha juu chenye logi, yaani kumbukumbu za mfumo, zinazoonyesha barua ipi imefunguliwa. Mteja wa kifurushi cha chini logi hizo hakuwa nazo. Fikiria, unaibiwa kwa kosa la mwenye huduma na ushahidi wa kuibiwa kwako unauzwa kama nyongeza! Bodi ya serikali ya Marekani iliyochunguza ikasema Aprili 2024 kwamba tukio lile lilizuilika na halikutakiwa kutokea kabisa.

Hapo ndo seva ya ndani inaponyimwa haki yake. Kwenye Postfix na Dovecot yako, programu za kuendeshea seva ya barua pepe, logi ni zako, nani kaingia, saa ngapi, kutoka IP (anwani ya mtandao) gani, unazipeleka kwenye mashine nyingine ukae nazo mwaka mzima ukitaka, humuombi mtu. Na ufunguo ukiibiwa Marekani haufungui kwako. Utaniambia 2021 je? Ndio, lakini hata lile shambulio mwanzo wake ulihitaji seva ifikike kutoka nje kwa bandari 443, mlango ambao kurasa za tovuti hupitia, na aliyekuwa ameficha webmail (barua pepe ya kwenye kivinjari) nyuma ya VPN, njia ya faragha ya wafanyakazi tu, hatua hiyo ilimpita. Tofauti ilikuwa kwenye uangalizi zaidi kuliko kwenye mahali seva ilipokaa. Na Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikasumbua Tanzania na majirani, wenye seva ndani ya jengo angalau wao kwa wao waliweza kuandikiana.

Wizi wa ankara za uongo kupitia barua pepe nao hauchagui upande, uwe na seva yako au uwe klaudi. FBI walipokea malalamiko ya hasara ya dola bilioni 2.9 kwa mwaka 2023 pekee, na hapo kinachotumika sana ni paswedi iliyoibiwa au mhasibu aliyedanganywa.

Kwa hiyo kwangu, kampuni yenye watu wawili wanaojua kazi, wanaoweka pachi siku ileile inapotoka na kusoma logi, haina kosa kubaki na seva yake. Ila kama bado uko Exchange 2016 au 2019 hapo siwezi kukutetea, msaada wake uliisha Oktoba 14, 2025. Na unayehamia klaudi, kabla ya kusaini uliza kifurushi chako kina logi zipi na zinakaa siku ngapi. Baada ya lile tukio Microsoft waliongeza logi bila malipo na muda wa kawaida ukatoka siku 90 kwenda 180, sasa mwenye huduma wako akishindwa kukujibu hata hilo, tafuta mwingine.